Nafasi Anayo

Siku Yasmin binti Mwinjuma alipopata nafasi ambayo hakuipata, kitongoji kizima kilikula wali. Walikula waliomtakia heri na waliomtakia shari, na hao wa pili ndio walioomba kuongezewa mchuzi. Kuku wawili wa mama yake na beberu wa baba yake walitangulia mbele ya haki kwa ajili ya elimu ya juu, na hakuna aliyeuliza kama walikidhi vigezo.

Chuo chenyewe tusikitaje jina. Ni chuo cha uhandisi, na wenyewe hawapendi kutajwatajwa ovyo na watu wa mikokoni. Kila mwaka maelfu ya vijana wenye akili zao huomba kuingia, chuo huchukua wachache wa kujaa ukumbi mmoja, halafu hutoa tangazo kwamba ushindani ulikuwa mkubwa, utadhani ushindani huo uliletwa na mvua. Yasmin alikuwa amemaliza kidato cha sita shule ya bweni, fizikia, kemia na hesabu, akapata divisheni wani. Kwetu Maparoni divisheni wani ni habari ya kutangazwa baada ya sala ya Ijumaa. Kule chuoni ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni.

Mpimaji wa nafasi za watu alikuwa Bwanaheri, kijana mwenye steshenari mjini Kibiti. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na juu ya mlango ameandika "Mshauri wa Udahili". Ana programu kwenye kompyuta yake: unamtajia alama zako, anabonyeza, kompyuta inafikiri kidogo kwa ajili ya heshima, kisha inatoa asilimia. Yasmin alipokwenda kutuma maombi, ilitoa kumi na mbili. Bwanaheri hapendi wateja walie dukani, machozi yanaharibu karatasi, basi akamwambia asikate tamaa, na baba yake akitaka maelezo ampigie simu.

Baba yake alitaka. Mwinjuma ni mkata boriti za mikoko na mkulima wa mpunga, na mtu wa kazi mbili hapendi habari nusu. Kitongojini kwao mtandao haushiki popote isipokuwa juu ya dungu la Biasha, kile kibanda cha miguu mirefu anachokaa jirani yao huyo kufukuza ndege wasimalize mpunga. Mwinjuma akapanda, akampigia Bwanaheri.

"Eti kijana," akasema kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, "mwanangu ana nafasi?"

"Nafasi anayo, mzee," Bwanaheri akajibu. "Ila ni ndogo."

"Ndogo si kitu," Mwinjuma akacheka kwa raha. "Mtoto mwenyewe hana mwili."

Bwanaheri alidhani mzee anatania, naye akacheka. Wakaagana kwa vicheko, kila mmoja na chake.

Asiyejua maisha ya delta atasema Mwinjuma mjinga. Si mjinga. Huku hakuna barabara, kuna boti ya Nurdini iendayo Nyamisati, inakoanzia barabara ya kwenda Kibiti. Nurdini akisema nafasi ipo, unabeba mzigo wako unapanda. Akisema ndogo, unapakata mtoto na kukunja magoti. Neno hilo Mwinjuma alilisikia tangu anabebwa mgongoni, na halikuwahi kumwacha ufukweni. Kwa hiyo hakusubiri hata kushuka ngazi. Alitangazia hukohuko juu ya dungu, na ndege wa Biasha waliruka wote kwa mara moja.

Yasmin alikuwa anapepeta mchele uani baba yake alipoingia na kumshika mabega.

"Baba, alichosema Bwanaheri si hivyo."

"Kasema nafasi unayo. Nimemsikia kwa sikio langu hili."

"Nafasi ya kujaribu. Sijachaguliwa."

"Nafasi ni nafasi. Mie nimezeeka na Kiswahili changu, leo unifundishe wewe?"

Yasmin akarudi kwenye ungo wake. Ukweli ni kwamba alitamani kwa moyo wake wote iwe baba yake ndiye anayejua Kiswahili, na kompyuta ya Bwanaheri ndiyo isiyojua. Aliliachia tamanio hilo lipumue kidogo tu. Alipozinduka, beberu alikuwa keshachinjwa, na hakuna hoja ya lugha inayomrudishia beberu roho.

* * *

Dua ikasomwa, wali ukapakuliwa, zawadi zikaanza kumiminika. Biasha alileta ndoo mpya ya bluu yenye mfuniko, akaieleza bei yake mara mbili ili isije ikadharauliwa. Wengine walileta beseni, khanga, mkeka. Waumini wa msikitini walikuwa wamechanga wakanunua godoro, na Shaabani, mweka hazina wao, alilikabidhi kwa hotuba ndefu kuliko khutba. Alimwusia Yasmin akishakuwa mhandisi asisahau kuwajengea gati, maana walilo nalo ni ufukwe mtupu.

Mgeni rasmi alikuwa mjomba Hashimu, kaka yake Mwanamkuu, mama wa Yasmin. Hashimu yuko ofisini Kibiti. Kazi yake ni kufungua milango asubuhi na kupeleka mafaili, kazi ya halali kabisa, lakini yeye huieleza kwa namna ambayo Maparoni wanaamini bila yeye serikali haiamki.

"Mjomba," Yasmin akamwambia, "dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Nataka niongeze hata vyuo vitatu, ikitokea nimekosa."

Hashimu akajilamba kidole kwanza. "Usithubutu. Mambo haya yana mfumo. Mfumo ukikuona umeomba pengine unajua huna msimamo, unakufuta."

"Kila chuo kina mfumo wake, mjomba. Havionani."

"Nani kakwambia? Wewe umekaa ofisini lini?"

Watu wakamtazama Yasmin kwa huruma, kama mtu aliyebishana na daktari. Mwinjuma akaona afunge mjadala. "Mtu kapewa nafasi, halafu anatafuta nyingine. Huko si ni kukufuru neema? Na hilo dirisha wakilifunga, mlango si upo?"

Walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Yasmin alikusanya sahani akaenda nazo jikoni, akasimama huko amezishika bila kuziosha.

Mwanamkuu hakucheka. Alisubiri wageni wapungue, akamkuta mumewe analipapasa godoro.

"Baba Yasmin, hiyo nafasi umeiona?"

"Nimeisikia."

"Nurdini hukwambia nafasi ipo ukiwa wapi?"

"Nikiwa gatini. Sasa angeniambia wapi?"

"Basi nenda gatini. Chombo hakipandwi kwa simu."

Mwinjuma alilikubali wazo hilo, ila kwa tafsiri yake. Aliamua Ijumaa ampeleke mwanawe Kibiti moja kwa moja, na vitu vyake vyote, akakabidhiwe nafasi yake kabla wajanja hawajaikalia.

* * *

Steshenari ya Bwanaheri ina upana wa kutosha watu wanne na kompyuta mbili. Ijumaa ile ya mwisho ilikuwa na watu kama ishirini, na wote walilazimika kusogea ukutani ili lipite godoro. Nyuma ya godoro alikuwepo Mwinjuma, nyuma ya Mwinjuma Yasmin na ndoo ya bluu, anatazama chini. Mjomba Hashimu, aliyeahidi kuwapokea na kusema nao neno la kiofisi, alikuwa amepata kikao cha ghafla.

"Shikamoo, mzee," Bwanaheri akasema. "Godoro hatupigi kopi."

Foleni ikacheka. Mwinjuma naye alicheka, maana bado alikuwa mtu mwenye nafasi. "Marahaba. Nimemleta mwenyewe. Ile nafasi uliyosema iko wapi?"

"Nafasi gani?"

"Ya chuo. Ulisema anayo, ndogo. Nimekwambia hana mwili, huyu hapa mtazame."

Bwanaheri alimtazama Yasmin, akatazama godoro, na taratibu rangi ya uso wake ikabadilika. "Mzee, nilisema nafasi anayo. Sikusema kapata nafasi."

"Tofauti yake nini?"

Mtu mzima kuuliza swali la namna hiyo mbele ya watoto wa sekondari ni jambo zito. Kijana mmoja mwenye miwani aliinamia simu yake mabega yakitikisika. Bwanaheri akabonyeza kompyuta, akamgeuzia kioo. "Asilimia kumi na mbili. Unaona? Kumi na mbili."

"Naiona. Ndiyo nini?"

Bwanaheri alianza kueleza habari ya uwiano wa waombaji na wastani wa ufaulu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufurahia sauti yake. Yasmin akaweka ndoo chini.

"Baba," akasema, "watu mia wamesimama gatini. Wote nauli wanayo, wote wamebeba mizigo. Boti ya Nurdini inachukua kumi na mbili."

Mwinjuma akageuka kumtazama. "Na waliobaki?"

"Wanarudi nyumbani."

"Hao kumi na mbili anawachagua nani?"

"Mwenye boti."

"Na sisi tumo katika mia."

"Tumo katika mia, baba. Si katika kumi na mbili. Bado."

Mwinjuma alitafuta pa kukaa, hapakuwepo, akakaa juu ya godoro lake hapohapo katikati ya watu.

"Nimelisha watu," akasema.

"Watu wameshakula. Mimi ndiye bado sijaenda popote." Yasmin akachutama mbele yake. "Naogopa, baba. Nimeomba hicho kimoja tu. Nikikosa, mwaka huu sina pengine. Nitakwenda kufukuza ndege na Bi Biasha, na mwaka ukipita mtasema nimekaa sana, niolewe. Dirisha linafungwa leo usiku."

"Na mlango?"

"Mlango haupo, baba."

Mwinjuma alilitazama godoro alilolikalia. Alimfikiria beberu. Alimfikiria Shaabani na hotuba yake, na nyuso za watu wa Maparoni siku atakayorudi na mtoto yuleyule aliyeondoka naye. Aliona aibu ikimpanda kifuani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mwanawe alikuwa ameibeba aibu hiyo peke yake tangu siku ya dua.

"Hivyo vyombo vingine," akamwuliza Bwanaheri, "vinataka nini?"

"Kila chuo kina ada yake ya maombi, mzee. Unalipia kwa simu, sasa hivi."

Nauli ya kurudi walikuwa nayo. Ada hawakuwa nayo. Mwinjuma akasimama, akalipiga godoro makofi mawili kama mnadani. "Nani anataka godoro? Halijalaliwa."

Aliyelitaka ni mama muuza chapati wa kibaraza cha jirani. Alilifunua, akalinusa, akalikalia, akagundua alama ndogo ya tope la Nyamisati, na kwa ajili ya alama hiyo akapunguza bei mpaka ikabaki ya kulipia vyuo vitatu na soda moja. Soda akapewa Bwanaheri, ambaye kwa utu wake alikuwa amejitolea kutotoza ushauri wa pili.

"Tuandike vipi hivi?" Bwanaheri akauliza, vidole tayari.

"Muulize mwenyewe," Mwinjuma akasema. "Mie Kiswahili hiki sikijui."

* * *

Walirudi. Mwinjuma angeweza kupita vichochoroni na kukaa ndani wiki nzima, na wengi wangemwelewa. Lakini baada ya sala ya kwanza iliyomkutanisha na watu alisimama, akajikohoza.

"Ile nafasi niliyosema imepatikana," akasema, "haijapatikana. Ipo. Tunaisubiri, pamoja na nyingine tatu."

Shaabani akainua kidole. "Na godoro?"

"Godoro limeomba vyuo vitatu."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye mikoko. Tangu siku hiyo Maparoni ikapata msemo mpya. Mtoto akiahidiwa kiatu cha sikukuu, wenzake humwambia, "Nafasi unayo." Mkopaji akiambiwa arudi kesho, huitikia mwenyewe, "Aa, nafasi ya Yasmin." Hata Nurdini akipita karibu na Mwinjuma huuliza, "Vipi mzee, nafasi haijambo?" na Mwinjuma hujibu kwamba haijambo, inasalimu.

Biasha alifika kuichukua ndoo yake. "Si kwamba nakunyang'anyeni, Mama Yasmin. Ila nina maji ya kuchota, na huku naona haina safari."

"Chukua," Mwanamkuu akamwambia. "Na mfuniko wake huu hapa, usije ukasema tumeuuza kulipia chuo."

Wenye beseni na khanga walikuwa waungwana zaidi. Waliwatuma watoto.

Yasmin ndiye aliyekwenda kufukuza ndege. Biasha, mwenye dungu, aliona ni vyema msomi apate shughuli wakati anangoja, na kwa kuwa mtandao ulikuwa hukohuko juu, hakuna aliyesema ni uonevu. Alishinda pale mkono mmoja umeshika kamba ya makopo ya kutishia ndege, mkono mwingine simu.

Majina yalitoka asubuhi moja Mwinjuma akiwa shambani, matope mpaka magotini. Alimwona mwanawe anashuka ngazi haraka kuliko mtu anavyopaswa kushuka ngazi zile, naye akasimama palepale, hakumfuata. Hakutaka kuisogelea habari.

"Nimekosa, baba," Yasmin akasema alipofika, pumzi juu. "Kile kikubwa nimekosa. Wanasema ushindani ulikuwa mkubwa."

Mwinjuma akatikisa kichwa.

"Katika vile vitatu nimepata kimoja. Uhandisi wa maji, Nyanda za Juu huko."

"Unayo au umepata?"

"Nimepata. Jina langu lipo."

"Lisome."

Mtandao hapo chini haukuwepo, lakini alikuwa ameshalihifadhi kwenye simu kama picha. Akalisoma: Yasmin Mwinjuma, na jina la babu yake, na jina la kozi. Baba yake akamwambia alisome tena. Mara ya tatu Mwinjuma alikuwa analia wazi, anajifuta kwa mkono wenye matope, na Yasmin naye akaanza kulia kwa kumwona, wakasimama hivyo katikati ya mpunga huku ndege wakila wanavyotaka.

Siku hiyo msikitini Mwinjuma alitangaza kwamba nafasi imepatikana. "Inshallah," watu wakasema, kwa sauti ile wanayoitumia kwa wagonjwa mahututi. Hakuna aliyechanga. Hakuna aliyeleta mkeka. Wali haukupikwa, kwanza beberu hakuwepo.

* * *

Asubuhi ya safari Mwinjuma alivaa suruali yake ya Idi na shati jeupe. Alikuwa amepanga kumfikisha mwanawe Kibiti, ampandishe basi kwa mkono wake, na kama nauli ingeruhusu amfikishe hadi chuoni, akakione hicho chumba na kitanda, aje asimulie. Wiki nzima Mwanamkuu alikuwa akimsikia anajisemesha maneno ya kumwambia mkuu wa chuo.

Maji yalikuwa yamejaa vizuri na boti ilikuwa tayari, na Nurdini juu yake anaita. "Nafasi ipo, mzee. Pandeni, pandeni."

Mwinjuma hakupanda. Alimwachia Yasmin mzigo, akakunja suruali ya Idi, akaingia majini hadi ubavuni mwa boti, akashika ukingo na kuchungulia. Mlikuwa na matenga ya kamba wabichi, magunia ya mchele, cherehani, na watu waliokaa juu ya hivyo vyote.

"Nafasi ya watu wangapi?"

"Nyie si wawili? Mtabanana."

"Nurdini. Nimekuuliza wangapi."

Nurdini alitaka kutania. Alimtazama Mwinjuma usoni, akaona hapana. Akageuka, akawatazama abiria wake na mzigo wake na maji yalipofika ubavuni mwa chombo. "Mmoja," akasema taratibu. "Na awe mwembamba."

Mwinjuma alirudi nchi kavu. Alimshika Yasmin mabega, akafungua mdomo, na katika yale maneno yote ya wiki nzima hakupata hata moja. Akamwekea mzigo begani. Yasmin alimkumbatia mama yake, akaubusu mkono wa baba yake, akapanda, akakunja magoti mahali palipobaki kati ya cherehani na gunia.

Boti ilikuwa inasukumwa Biasha alipotokea anakimbia, khanga imemfunguka, ndoo ya bluu mkononi. Alipompita Mwanamkuu hakumtazama. Aliingia majini akamrushia Yasmin ndoo ikiwa na mfuniko wake, akasimama kuhakikisha imedakwa.

Injini ikawaka, boti ikapinda nyuma ya mikoko. Biasha akatoka majini anakamua nguo yake, ndipo akamwona Mwinjuma na shati jeupe na suruali iliyolowa.

"Ala. Mbona wewe umebaki, na ulivyovaa hivyo?"

"Nafasi ilikuwa ndogo," Mwinjuma akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwanamkuu aliinama, akaanza kumkunjulia mumewe suruali.